Jogoo Aliyeogopa Ugenini

"Kwa heshima na taadhima, Lonnie, mimi nauliza hivi: tukicheza na Nyigu tunapata nini?"

Odessa Stallard alikuwa ameshawasha gari, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukitafuta mkanda. Mkono ule wa mkanda ukaganda hewani.

Sauti iliyotoka redioni ilikuwa nzito, ya kukwaruza, kama ya mzee wa miaka sabini aliyemeza vumbi la ghala maisha yake yote. Mtangazaji Lonnie alikuwa amemkaribisha kwa jina analolitumia kila Alhamisi jioni: Mzee wa Mtama. Mji mzima wa Cutler ulimjua Mzee wa Mtama. Hakuna aliyewahi kumwona.

"Tukiwafunga, watasema tumeonea chuo kidogo," iliendelea sauti. "Wakitufunga, tutazikwa na aibu hiyo. Mechi za ligi tunapangiwa, hatuna ujanja. Lakini hizi za nje ya ligi tunachagua wenyewe nani aje. Kwa nini nimwalike mtu anayeweza kunipiga nyumbani kwangu? Niletee Vyura wa Lowry. Waje na mabasi yao mawili, tuwapige, tuwalipe ada ya kuja kupigwa, tuwape na soda za njiani. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake."

Nyuma ya sauti ile ikalia kengele ya ng'ombe, ya kufungwa mlangoni ili mteja akiingia ajulikane. Mzee wa Mtama akasahau uzee wake.

"Karibu, dada, nakuja sasa hivi," alisema kwa sauti laini ya kijana, kisha simu ikakatika.

Odessa akazima gari.

Cutler nzima ilikuwa na duka moja tu lenye kengele ya ng'ombe mlangoni, duka la chakula cha mifugo. Na mtu anayesema "kwa heshima na taadhima" kila anapokaribia kusema upuuzi alikuwa mmoja tu, Thad Mullins, mpenzi wake wa miaka miwili. Thad huyo huyo ambaye Jumapili iliyopita alikula mbavu za nguruwe mezani kwa baba yake Odessa, akajifuta mchuzi kidevuni, akaapa kwamba anaipigania mechi ya Nyigu kwa udi na uvumba.

Na mechi hiyo ndiyo iliyoshikilia harusi yao.

Cutler imekaa katikati ya vyuo viwili. Mashariki kuna Hollis, Majogoo, wenye jezi nyekundu. Magharibi kuna Tarrant, Nyigu, wenye njano na nyeusi. Zamani walikuwa wakigongana kila Septemba katika mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa kofia ngumu, kofia kwa kofia, na upande ule wote wa jimbo la Kentucky ulisimama. Kisha Hollis wakahamia ligi kubwa. Wakawafuta Nyigu kwenye ratiba na kuanza kualika vyuo dhaifu vya kupiga, kama Vyura wa Lowry. Wazee wa Tarrant hawakusamehe, na mzee Vernon Stallard alikuwa wa kwanza kati ya wasiosamehe.

Sikukuu ya uhuru ya Julai iliyopita, mbele ya ukoo mzima, Vernon alimwelekezea Thad, shabiki wa Hollis, uma wa kuchomea nyama. Akasema binti yake ataolewa na Jogoo siku Jogoo atakapothubutu kuja kwao kucheza. Watu walicheka. Vernon hakucheka. Odessa, ambaye huona haya hata mgeni akimuuliza saa, aliangalia sahani yake. Thad akasema, kwa heshima na taadhima, kwamba hata yeye hiyo mechi anaitaka sana.

Odessa akatoa simu na kuandika: "Uko wapi?"

Jibu likaja upesi: "Kazini, mpenzi. Nambebea mteja gunia la mbegu. Nakuwaza."

Odessa alikuwa mpima macho. Kutwa huwauliza watu kama wanaona vizuri hivi, au hivi. Mwenyewe alikuwa hajaona kitu.

Kengele ya ng'ombe ililia alipoingia dukani. Thad alikuwa nyuma ya kaunta, kofia nyekundu ya Hollis kichwani.

"Mzee wa Mtama yupo?" Odessa aliuliza.

Thad aliliweka gunia chini polepole.

"Yupo stoo, amelala," alisema, akijaribu kutabasamu. Kisha akamtazama vizuri, na tabasamu likamwisha. "Dess, lile ni jambo la mpira tu. Mahaba ni mahaba, ratiba ni ratiba. Siwezi kusema uongo juu ya ratiba."

"Kwa hiyo uongo ulikuwa ule wa mezani kwa baba."

Thad akaanza kueleza. Akaeleza habari za pointi, za kamati inayopanga vyuo bora, za wachezaji wanaoumia Septemba na kukosekana Novemba. Akachukua makopo ya dawa ya kupe na kuyapanga kwenye kaunta kuonyesha jinsi msimu unavyoharibika ukifungwa mapema. Odessa alimsikiliza mpaka kopo la mwisho.

"Mechi hiyo isipochezwa, Thad, mimi na wewe tunakuwa nini?"

Thad alilishika kopo moja, akalirudisha pale pale.

"Tunakuwa kama tulivyo sasa," alisema. "Si tuko vizuri?"

Kengele ililia tena, mara hii kwa kutoka.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Meseji zilikuja, naye alizisoma zote bila kujibu hata moja. "Dess, nimekuletea supu, nimeiacha mlangoni." Baada ya saa moja: "Dess, kama supu imeliwa na mbwa wa jirani, si kosa langu." Siku iliyofuata: "Mzee wa Mtama amestaafu. Nimemwambia aache simu." Supu kweli iliishia kwa mbwa wa jirani. Odessa alimwona dirishani akilamba kifuniko, akalia kidogo, akacheka kidogo, akarudi kulia.

Jumapili mzee Vernon aliuliza yule kijana wa magunia yuko wapi. Odessa akasema ana kazi nyingi. Vernon akakata nyama yake vipande vidogo, akasema hata Hollis walianza hivyo hivyo, walikuwa na kazi nyingi.

Alhamisi ikafika. Odessa alitoka kliniki, akaingia garini, akawasha redio. Lonnie alikuwa anamlilia Mzee wa Mtama kama aliyefiwa. Mpigaji baada ya mpigaji alirudia hoja zake: kwa nini tujitafutie maumivu, waacheni Nyigu na mzinga wao, leteni Vyura. Odessa aliwasikiliza watatu. Wa nne alipoanza, alijikuta ameshabonyeza namba.

Huyu ni msichana ambaye hata chakula cha kuletewa nyumbani humwomba mwenzake apige simu.

"Uko hewani. Nani mwenzetu?"

"Miwani."

"Dada, sauti haisikiki."

"Miwani," alisema tena, akafumba macho. "Nataka kumjibu Mzee wa Mtama."

"Hayupo, ila jibu. Tutamfikishia kaburini."

"Anasema usimwalike anayeweza kukufunga. Nimelifikiria wiki nzima, naona ni kweli, hutafungwa. Lakini hawa wanaokuja kupigwa na kuondoka, mwaka ukiisha hata majina yao huyakumbuki. Baba yangu anazikumbuka mechi zote za Hollis, mpaka zile walizofungwa. Anazisimulia kama watu wanavyosimulia harusi."

Lonnie akasahau kuingiza tangazo. Haijawahi kutokea.

"Na mimi si bora kuliko huyo Mzee wa Mtama," Odessa aliendelea. "Mimi pia nimezoea kucheza nyumbani. Watu wanapanga maisha yangu mbele yangu, mimi naangalia sahani. Sasa nataka kujua kama kuna mtu ananitaka, au nilikuwa mechi rahisi ya Jumamosi tu."

"Miwani, subiri hapo hapo," Lonnie alisema, sauti ikimpanda. "Laini ya pili kuna mtu. Nadhani marehemu amefufuka."

"Dess?"

Sauti haikuwa na mkwaruzo hata chembe.

"Mzee wa Mtama, kifua kimepona?" aliuliza Lonnie.

"Lonnie, kwa heshima na..." Thad akajikatiza. "Hapana. Acha niseme tu. Dess, mimi naogopa. Baba yako hajanikataa kwa sababu sijawahi kumwomba. Nikimwomba akasema hapana, nimefungwa, tena nimefungwa na watu ninaotaka kula nao kila Jumapili. Nikaona bora mechi isiwepo, ili na swali lisiwepo. Hizo hoja zote za kamati, mzizi wake ni huo."

Odessa alisikia kengele ya ng'ombe ikilia, na Thad akimwambia mteja asubiri, ana jambo.

"Ulisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake," alimwambia. "Wewe ni Jogoo."

"Jogoo la shamba haliwiki mjini, Dess."

"Jumamosi Nyigu wanacheza nyumbani. Pikapu yetu itakuwa pale pale inapokaa siku zote."

Akakata simu. Lonnie akaingia kwenye tangazo la matairi bila hata kuaga.

Jumamosi asubuhi maegesho ya uwanja wa Tarrant yalikuwa njano na nyeusi mpaka mwisho wa macho. Mashabiki walikuwa wanachoma nyama kabla ya mechi, moshi ulitanda, na nyuma ya kila pikapu kulikuwa na meza na ubishi. Odessa alikuwa anakata kabichi. Alijua Thad amefika kabla hajamwona, kwa sababu kelele zilianza mbali na kusogea, gari baada ya gari.

"Kuku, umepotea banda?"

"Mwachieni, amekuja kutaga."

Thad alikuja katikati yao, jezi nyekundu kifuani, sufuria ya supu mikononi. Bibi mmoja mwenye mabawa ya nyigu mgongoni alimpiga na mkate wa soseji. Thad akasema asante. Alipofika kwenye pikapu ya Stallard, haradali ilikuwa inamtiririka shavuni.

Vernon hakugeuka. Alizigeuza mbavu.

"Umepotea njia, kijana?"

"Hapana, Bwana Stallard. Nimekuja kucheza."

"Nasikia una kifua. Kinakukwaruza kila Alhamisi."

Odessa akaacha kisu. Ndipo ilipojulikana kwamba mzee Vernon, Nyigu wa Nyigu, miaka yote alikuwa akiisikiliza redio ya adui gerejini, sauti chini, na alimtambua Mzee wa Mtama tangu siku ya kwanza. Hakusema kwa sababu alitaka kuona kijana ataficha mpaka lini. Vilevile, alikiri kwa shida, ile hoja ya wachezaji kuumia Septemba haikuwa mbaya.

"Lakini neno langu ni neno," alisema, sasa akiwatazama. "Hollis hawajatuweka kwenye ratiba."

Thad alifungua mdomo. Odessa akamtangulia.

"Baba, ulisema siku Jogoo atakapothubutu kuja kwetu kucheza. Jogoo ndiye huyu. Hukusema waje kumi na mmoja."

Kwenye pikapu za jirani watu wakageuza shingo. Vernon alimtazama binti yake muda mrefu, kama mtu aliyemsikia akiongea kwa mara ya kwanza. Kisha akamtazama Thad, jezi, haradali, sufuria.

"Basi omba," alisema.

"Samahani, Bwana Stallard, sianzi na wewe," Thad alisema. Akaiweka supu chini na kupiga goti kwenye lami, mahali fulani karibu na mfupa uliotupwa. "Odessa, unanitaka?"

"Ndiyo," alisema Odessa.

Alisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba watu wa pikapu ya tatu walijibu wamesikia. Vernon akampa Thad kitambaa cha kufutia shavu, kitambaa cha njano, na Thad akakitumia bila neno.

Tarehe ndiyo iliyoleta vita. Thad alisema hangoji mwaka mwingine. Basi simu zikatolewa, ratiba mbili zikawekwa pembeni ya maharage, wakaanza kukata Jumamosi moja moja. Hii Nyigu wanasafiri. Hii Majogoo wana mechi ya ligi. Mwishoni ikabaki moja ya Novemba. Nyigu walikuwa wanapumzika, na Hollis walikuwa nyumbani na Vyura wa Lowry.

"Hiyo naikosa bila shida," alisema Thad. "Vyura ni mazoezi."

"Kumbe ratiba nyepesi ina faida yake," alisema Vernon, na kwa mara ya kwanza akamkatia ubavu mwenyewe.

Harusi ilifungwa Novemba ile. Kanisani upande mmoja ulikuwa mwekundu na mwingine wa njano, na mchungaji alikuwa ameomba simu zizimwe. Zilizimwa kwa muda wa sala. Kwenye ukumbi, wakati wa kukata keki, upande mwekundu ulianza kunong'ona. Mjomba wa Thad akakaa chini ghafla. Shangazi akashika rozari ingawa si Mkatoliki. Upande wa njano mabega yakaanza kutikisika.

Thad alikuwa na kisu cha keki mkononi, mkono wa Odessa juu ya wake.

"Kuna nini?"

Odessa alikuwa ameshaiona simu ya baba yake, aliyeinyanyua juu ili kila mtu asome.

"Pole, mume wangu," alisema taratibu. "Mmefungwa na Vyura."

Thad alifumba macho. Ukumbi mzima ukasubiri, nyekundu na njano, kuona kama atalia. Alipoyafumbua, alimtazama mke wake, kisha akamtazama mkwe wake.

"Alhamisi nitapiga simu redioni," alisema.

"Kama Mzee wa Mtama?"

"Kwa jina langu. Nitamwambia Lonnie watuletee Nyigu. Kama kufungwa ni lazima, afadhali tufungwe na ndugu."

Vernon akatoa kitambaa chake cha njano na kupenga kamasi kwa kishindo. Akasema ni mafua.