Siku Edita Ilipokutana na Mjenzi

Kila asubuhi, watoto wakishakwenda shule, Mama Pacha alifuta meza ya chakula, akafungua kompyuta na kuanza kazi. Alikuwa mwandishi wa programu. Mama mkwe wake alivuta kiti akaketi kando yake, miwani puani, kalamu mkononi. Watu walidhani bibi anampigisha mkwewe soga tu. Kumbe alikuwa mfanyakazi kamili, ila hana cheo.

Kazi ilikwenda hivi. Mama Pacha aliandika maagizo ya programu ndani ya edita, yaani ukurasa wa kompyuta wa kuandikia maagizo hayo. Kisha alihamia dirisha jingine, jeusi, akamwita Mjenzi. Hilo ndilo jina walilokipa chombo kinachokusanya mafaili yote na kuyageuza kuwa programu inayofanya kazi. Mjenzi akikuta makosa, alitaja namba za mistari. Bibi aliziandika kwenye daftari. Mama Pacha aliporudi kwenye edita, bibi alimsomea: mstari wa arobaini, mstari wa tisini na mbili, mstari wa mia na kumi. Walikwenda hivyo miezi mingi, na bibi hakuchoka hata siku moja.

Jumatano moja mambo yalikuwa mazito. Mkunga wa kliniki ya mtaani alitumia programu ya Mama Pacha kupanga siku za wajawazito kurudi kupimwa. Wiki iliyopita programu ilikosea, mama mmoja akafika siku saba baada ya siku yake. Mkunga hakugomba. Alisema tu kwamba orodha isiporekebishwa kufikia Alhamisi mchana, atarudi kuandika kwa mkono. Kazi ya miezi tisa ingekwenda na maji. Lakini kilichomchoma zaidi Mama Pacha ni yule mjamzito.

Alirekebisha tangu asubuhi. Kila alipoondoa makosa mawili, yalizuka matano. Ilipofika saa nane mchana alikuwa karibu kulia.

Ndipo akaingia jirani yao, naye fundi wa programu, amekuja kurudisha pasi. Akamwamkia bibi, akasimama nyuma ya kiti na kutazama. Kisha akauliza, "Dada, pale mstari wa arobaini umeongeza nini?"

"Mistari miwili. Kwa nini?"

"Basi ule uliokuwa wa tisini na mbili sasa ni wa tisini na nne. Yote ya chini imeshuka. Namba anazosoma mama ni za kabla hujaongeza."

Mama Pacha alitazama namba za kwenye daftari, kisha zile za kwenye edita. Kumbe siku nzima alikuwa akiivuruga mistari mizima na kuiacha mibovu. Bibi alifunga daftari polepole, akasema basi yeye ndiye aliyeharibu kazi.

Mama Pacha akamshika mkono. "Hapana, mama. Wewe umesoma sawasawa. Mimi ndiye niliyekupa kazi iliyo ya kompyuta yenyewe."

Jirani akavuta kiti. "Edita yako na Mjenzi wako hawajuani," alisema. "Wewe unakimbia katikati kama mjumbe. Waunganishe, wazungumze wenyewe."

Alieleza kwamba edita inaweza kuongezewa uwezo kwa programu ndogo, kiongezi, kilichotengenezwa kwa ajili ya Mjenzi. Kinawekwa mara moja tu. Mama Pacha aliogopa kugusa kitu kipya siku moja kabla ya kukabidhi kazi. Jirani akamwambia atoe kwanza nakala ya kazi yote, kisha asiogope.

Wakaweka kiongezi. Mama Pacha akafungua faili moja, akabonyeza kitufe. Kimya. Jirani akacheka.

"Umeionyesha chumba kimoja, itaijuaje nyumba? Fungua folda nzima, ile yenye faili la ujenzi. Faili hilo ndilo linalomweleza Mjenzi nini kiko wapi. Edita nayo ilisome hilo hilo. Usiiandikie orodha ya pili, maana siku moja utabadilisha moja na kuisahau nyingine."

Akafungua folda nzima, akabonyeza tena. Edita ikahifadhi kazi, ikamwita Mjenzi, na majibu yakaja palepale. Kila kosa lilipigiwa mstari mwekundu mahali pake. Alipoongeza maneno juu, alama nyekundu zilishuka pamoja na makosa yake. Kitufe hicho hicho kilimfanya Mjenzi aendeshe majaribio ya tarehe, na kosa la siku saba likajitokeza. Kufikia saa kumi na moja lilikuwa limekwisha.

Bibi naye hakukosa kazi. Alichukua kadi za zamani za kliniki, ambazo mkunga alikuwa amewaachia, akazilinganisha na orodha mpya, tarehe kwa tarehe, mpaka akaridhika. Alhamisi asubuhi mkunga alipata programu yake.

Baada ya wiki tatu mkunga alipiga simu. Mama Pacha akaongeza sauti ya simu ili bibi naye asikie.

"Yule mama aliyechelewa, safari hii alikuja siku yake hasa," mkunga alisema. "Tukamkuta presha iko juu sana, tukamkimbiza hospitali. Daktari anasema angechelewa siku mbili tu, tungempoteza. Jana amejifungua. Nimeona niwashukuru."

"Mtoto gani?" bibi akauliza.

"Wa kike. Wote wazima."

Bibi alivua miwani akajifuta macho. "Mungu ashukuriwe," alisema. "Mwanangu, kamwite jirani, aje asikie na yeye."

Mama Pacha alikuwa ameshafika mlangoni.