Aliyejaza Sweta

Sweta ilikuwa imelala bapa juu ya shuka jeupe, lakini kwenye picha ilikuwa na kifua.

Judith aliitazama simu, akaitazama sweta, akairudia simu. Alidhani ni kivuli. Akafuta kamera kwa pindo la khanga, akavuta pazia mwanga wa dirishani uingie kwa ubavu, kama alivyojifundisha mwenyewe, akapiga tena. Safari hii na tumbo lilikuwa limetuna, tumbo dogo la mtoto aliyeshiba.

Pale mtaani Nyasho alijulikana kwa kufuma sweta za watoto wachanga. Alianza akiwa na mimba ya mwanawe Getruda. Getruda alipofariki, hata jino hajaota, mikono ya Judith ilikataa kuacha. Mumewe Mniko, fundi pikipiki, ndiye aliyemshauri azipige picha, aziweke kwenye status, ziuzike.

Picha zilipendwa. "Kananona hako katoto!" watu waliandika. "Hongera mama!" Judith hakuwasahihisha. Kila asubuhi Mniko akishatoka, alitandika shuka na kupiga, na kila siku kilichokuwa ndani ya sweta kilizidi: leo kiganja, kesho shingo, keshokutwa kisogo chenye nywele laini. Chumba kikaanza kunuka maziwa yaliyochacha. Kisha, mchana kweupe, majirani wakiwa uani wanaanika dagaa na kucheka, alisikia kwikwi ya mtoto ikitoka juu ya kitanda kisicho na mtu, naye badala ya kukimbia akaketi, akaisikiliza, machozi yakimtiririka, akiomba isikatike.

Siku moja akaja Justina wa Kamunyonge, mteja wake, mwanawe Brian akiwa mgongoni.

"Dada Judith, hebu angalia hii."

Ilikuwa picha yake akiwa amempakata Brian, amemvisha sweta ya Judith. Lakini pichani alikuwa amepakata sweta tupu. Mikono ya sweta ilining'inia. Juu ya kola hapakuwa na kichwa.

"Labda simu yako mbovu," Judith alisema.

"Nimepiga na ya jirani, ni hivyohivyo." Justina alishusha sauti. "Alikuwaga ananyonya mpaka namtoa kwa nguvu. Sasa hashiki ziwa kabisa. Hospitali wanasema hawaoni kitu."

Akamfungua mtoto, akampa Judith. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

Jioni ile Judith alimweleza Mniko yote. Mniko hakuwa mtu wa waganga, alikuwa mtu wa kanisa, lakini baada ya kuziona picha, kesho yake wakapanda gari kwenda Bunda kwa mzee Machibya. Mzee aliinusa simu, akaisukuma mbali.

"Mwanao aliitwa nani?"

"Getruda."

"Getruda amelala, mama. Mtoto aliyekufa hanaga njaa. Huyu ana njaa. Ni jini, alikusikia unalia akaja kuvaa nguo za mwanao. Na kila sweta uliyouza ni mdomo wake." Akamkazia macho. "Zikusanye zote, uzichome. Picha ufute. Ukibakiza moja, yule mtoto mgonjwa hutamwona tena."

Walizikusanya nyumba kwa nyumba. Justina alileta ya Brian mwenyewe, akamshika Judith mikono yote miwili, akamshukuru.

Mniko akatoka uani kuwasha moto. Judith akabaki chumbani na sweta ya Brian, akaitandaza dirishani. Picha moja tu, alijiambia, ya kuagana. Pichani mtoto alikuwa amegeuka. Ilikuwa sura ya Getruda, mpaka kile kidoa chini ya sikio, na midomo imefunguka kidogo kama anayetaka kumwita.

"Judith! Moto umekolea!"

Akaificha ile chini ya mto, akatoka na sweta nyingine ya rangi ileile. Moshi ukapanda, Mniko akaomba, Judith akaitikia amina.

Brian alizikwa Ijumaa. Judith alikaa mkekani na wanawake wenzake, na Justina akamwegemea begani, macho yamevimba, akauliza kwa sauti ya chini, "Tulizichoma zote, dada, si ndiyo?"

"Zote."

Aliporudi nyumbani hakugusa simu. Haikuhitajika tena. Kitandani sweta ilikuwa imejaa, inapanda na kushuka. Uso ukamgeukia, na haukuwa wa Getruda, wala wa Brian. Haukuwa na macho wala kidoa chochote, ulikuwa kinywa tu, kinafunguka na kufumbika, kinatafuta. Judith alifikiria kupiga kelele, akafikiria moto, akafikiria watoto wote wa Nyasho waliolala mchana ule migongoni mwa mama zao, kisha akaketi, akafungua vifungo vya blauzi.

"Kula kwangu," alinong'ona. "Usiende tena kwa watu."

Kilikuwa cha baridi, na kizito kuliko jiwe la kusagia. Maumivu yakamkata pumzi.

Mlango ukatikiswa. "Judith?" Sauti ya Mniko ilikuwa ya mtu aliyeogopa. "Mtoto wa nani analia humo?"

Alitaka kumwambia akimbie, ila sauti haikutoka. Kinywa kiliachia ziwa. Kikatulia, kikisikiliza, kisha taratibu kikageukia mlangoni, na hapo Judith akajua kwamba yeye peke yake hatakitosha.