Nilimtafsiria Meneja Filamu Zake, Nikamuuza Rafiki Yangu

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, sina mume, nina binti mmoja anayeitwa Adela, na mimi ndiye niliyemuuza rafiki yangu kwa sababu ya kitabu kimoja na kanda tatu za video. Mnaweza kucheka. Hata mimi ningecheka kama ningesimuliwa na mtu mwingine...

Mimi ni Mhaya wa Kagera. Masista walinisomesha mpaka kidato cha nne na Kiingereza kikanikaa sawasawa. Nikaja Mwanza, nikapata kazi ya kupiga chapa kwenye ofisi moja ya ushirika wa pamba. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakajaa kila kona, ushirika ukayumba, tukaanza kusomewa majina ya wanaopunguzwa kazi. Langu lilikuwamo kwenye orodha ya kwanza. Baba Adela naye, alipoona mshahara wangu umekatika, ghafla akakumbuka kwamba ana mke mwingine Geita. Haya!

Aliyenishika mkono ni Kabula. Huyu alikuwa Msukuma wa Mkolani, mwanamke wa umri wangu, mnene kidogo, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Tuliwahi kupanga nyumba moja. Wakati ule viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota ufukweni kama uyoga, naye alikuwa amepata kazi katika kimojawapo. Akaenda kumng'ang'ania msimamizi wake mpaka nikachukuliwa.

Kazi yenyewe usiombe. Unasimama kutwa nzima umevaa mabuti ya mpira, maji ya barafu yanapita miguuni, sangara wanakuja mezani, unakata mnofu, unaweka kwenye trei yako, trei inakwenda kupimwa. Mifupa na vichwa, yaani mapanki, vinatoka nje kuuzwa. Vidole vinakufa ganzi mpaka ukijikata hujui.

Lakini wanawake wa meza yetu walikuwa na utaratibu wao. Waliuita kulea. Mwenzenu akiwa na mgonjwa, au amefiwa, au ana mimba, mnamlea: kila mmoja anampitishia mnofu mmoja mmoja kwenye trei yake kabla haijafika kwenye mizani. Mizani ikisoma, hakuna anayeonekana wa mwisho. Hakuna aliyeandika popote, hakuna aliyedai kurudishiwa. Adela alipolazwa na homa ya uti wa mgongo, nilikuwa nakwenda kazini nikilia, mikono haifanyi kitu, na kwa wiki tatu trei yangu ikajaa kama ya watu wote. Nililelewa mimi! Kumbukeni hilo mnapoendelea kusoma.

Mwaka wa pili nikapandishwa kuwa msimamizi wa meza, kwa sababu ya kile Kiingereza changu. Ndipo akaja Deo.

Deo alikuwa meneja mpya wa uzalishaji, kijana mtanashati aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Siku ya kwanza tu aliposikia jina langu, akanisalimia kwa Kihaya. Kumbe kwao na kwetu ni vijiji vinavyopakana! Akaanza kuniita dada Koku. Akaja nyumbani kwangu Mabatini, akamkuta mama yangu amekuja kunitembelea, akainama na kumwamkia shikamoo kwa adabu zote. Mama akamfungia senene wa kukaanga. Majirani walidhani ni mchumba wangu. Afadhali angekuwa mchumba! Mchumba ningemshtukia mapema.

Deo alikuwa na kitabu chake kikubwa, kwenye jalada kuna picha ya kamba iliyovutwa mpaka ikabaki uzi mmoja. Kilifundisha namna ya kumsukuma mtu na kampuni hadi kikomo, halafu kupita kikomo. Alikisoma kama wengine wanavyosoma Biblia. Tena alikuwa na kanda tatu za video. Moja ya wanajeshi wanaobebeshwa magogo kwenye matope, moja ya watu wanaopanda mlima wa theluji, moja ya kiwanda cha huko ng'ambo ambako mfanyakazi wa mwisho huwashiwa taa nyekundu juu ya kichwa.

Akaanzisha maonyesho kila Jumamosi mchana, baada ya kazi, pale kantini. Soda moja kwa kila mtu. Watu walifurahi jamani, sinema ya bure! Na nani alisimama mbele, kando ya televisheni, kutafsiri? Mimi. Mwanajeshi akipigiwa kelele kule, mimi napiga kelele hapa kwa Kiswahili. "Mwili ni mwongo! Ukisema umechoka, bado una nusu!" Watu walishangilia. Nilijiona mtu, ndugu zangu. Mwanamke aliyepunguzwa kazi, leo anasikilizwa na ukumbi mzima.

Deo hakuwa akizionyesha filamu mpaka mwisho. Ikifika mahali watu wamesisimka, anabonyeza, anazima, anahutubia. Mimi sikujiuliza. Ningejiuliza nini, nami nimeshajaa sifa?

Wakati huo huo Kabula alikuwa na mimba. Alikuwa ameshapoteza mbili, na mumewe alikuwa ameanza kusemewa maneno na ndugu zake. Hii ya tatu aliificha chini ya aproni, akaniambia mimi peke yangu. Alisema, "Mama Adela, huyu nikimpata, sitamwomba Mungu kitu kingine." Meza nzima ilimlea hata kabla ya kuambiwa sababu. Alikuwa anapata nafasi ya kwenda kukaa kidogo juu ya kreti, anapumua, anarudi.

Siku moja Deo akaniita ofisini. Akasema takwimu za meza yangu haziingii akilini, watu wote wanafanana kama wamepimwa kwa kikombe. Akaniuliza kwa Kihaya, kwa sauti ya kaka kwa dada, kuna nini. Akasema anataka kuwajua walio dhaifu kwa kweli ili awahamishie kwenye kufungasha, kazi ya kukaa kwenye stuli, na kwamba bila ushahidi wenye kiwanda hawatamkubalia. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema nafasi ya msimamizi mkuu wa zamu iko wazi.

Nikamweleza. Yote! Nilimweleza kulea ni nini, nani analelewa, nikamtaja Kabula na mimba yake. Ningesema nilifanya kwa ajili ya stuli ya Kabula tu ningekuwa mwongo. Stuli niliiwaza, ndiyo. Lakini ile nafasi ya msimamizi mkuu niliiwaza zaidi. Akaniomba niyaandike, eti kwa kumbukumbu tu. Nikakaa kwenye mashine yake, nikapiga chapa kurasa mbili safi bila kosa hata moja, nikatia sahihi.

Jumatatu trei zote zilikuwa zimepakwa namba. Kila mtu na namba yake, na mlinzi amesimama kati ya meza na mizani. Ukionekana unapitisha mnofu, unatoka. Ubaoni pakawekwa sheria mpya kutoka kwenye kile kitabu: wa mwisho kila wiki anapata kadi nyekundu, na kadi tatu ni kwaheri.

Nilikimbia kwa Deo. Nikamuuliza, stuli iko wapi? Akacheka, akasema dada Koku usiwe na haraka, kwanza tupate hali halisi.

Wanawake walijua kuna aliyesema. Walimshuku yule anayepima trei kwenye mizani, maskini, wakamsusia hata salamu. Nami nikanyamaza.

Wiki ya kwanza kadi nyekundu ilikwenda kwa Kabula. Wiki ya pili, Kabula. Mumewe alikuwa hana kazi tangu kiwanda cha nguo alikokuwa kifunge mashine, kwa hiyo kuacha kazi hakukuwezekana. Nikaenda tena kumwombea likizo. Deo akaniambia nimpe Kabula yale maneno ya filamu, yatamsaidia.

Na mimi nikampa! Hapa ndipo ninapotamani ardhi ipasuke. Ilikuwa Jumatano, Kabula ameshika kiuno, uso umekuwa kama jivu, ananiambia mgongo unamkata. Nikamtazama mwanamke aliyeniletea kazi, nikamwambia kwa mdomo wangu huu, "Mwili ni mwongo, Kabula. Bado una nusu." Akachukua kisu chake akarudi mezani.

Alhamisi kabla ya chakula cha mchana akaanguka. Tulipomfungua aproni damu ilikuwa imefika kwenye mabuti. Walimpeleka hospitali kwa pikapu ya kubebea barafu, nami nimemshika kichwa. Mtoto alikuwa wa kike. Alizaliwa siku zake hazijatimia, akaishi mpaka saa kumi ya jioni ile ile. Nilimwona. Alikuwa na nywele nyingi.

Mtadhani Jumamosi ile maonyesho yaliahirishwa... Wapi! Deo alisema huu ndio wakati watu wanahitaji moyo. Akaweka kanda ya wanajeshi. Nikasimama mahali pangu kama kawaida, sauti haitoki vizuri, nikatafsiri. Ilipokaribia mahali anapozima, mtu akaja kumwita, simu kutoka Dar. Akatoka mbio. Filamu ikaendelea.

Jamani! Kumbe mwanajeshi mmoja anafia matopeni. Kumbe yule kamanda anayepiga kelele anapelekwa mahakamani, na mama wa marehemu anasimama, anamnyooshea kidole. Mwenye kutengeneza ile filamu alikuwa anatuonya! Miezi yote ile nilikuwa nikiwatafsiria watu nusu ya maneno.

Nami nimekauka. Mwanamke mmoja wa meza yetu akasema kutoka nyuma, "Mama Adela, mbona umenyamaza? Huyo mama anasema nini?"

Nikatafsiri. Nikasema, anasema hivi: nilikukabidhi mwanangu akiwa mzima, wewe ulikuwa unatafuta nini ndani yake? Watu wakaanza kulia, mimi nalia, natafsiri. Deo alirudi akatukuta hivyo. Akachomoa waya ukutani.

Jumatatu niliitwa mbele ya wenye kiwanda. Deo alikuwa amekaa upande wa pili, hanitazami. Mezani palikuwa na zile kurasa mbili nilizozipiga mwenyewe. Nikaambiwa kwamba nimekiri kwa maandishi na kwa sahihi yangu kuwa nimekuwa nikijua udanganyifu wa trei kwa miaka miwili nikauficha. Nikageuka kwa Deo, nikamwambia kwa Kihaya, wewe si ndiye uliyeniomba niandike? Mama yangu si alikupa chakula kwa mikono yake? Akajibu kwa Kiingereza, akiwaambia wale wakubwa, kwamba hanielewi.

Hanielewi! Hilo liliniuma kuliko kufukuzwa. Nilitoka pale bila hata kiinua mgongo. Na ile barua yangu ikasomwa kantini kwa sauti, ili kila mtu ajue ni nani aliyesema. Deo hakupatwa na chochote. Miezi michache baadaye alihamishiwa Dar kwa cheo kikubwa zaidi, na kitabu chake kwapani.

Nilikaa nyumbani nikimlaani kila kukicha. Kila aliyekuja kunipa pole nilimsimulia jinsi mtu wa nyumbani alivyonisaliti. Nilijipikia huruma, nikajipakulia. Mwishowe nikasema, ngoja niende kwa Kabula, sisi wawili tumeumizwa na mtu mmoja, tutaelewana.

Nilimkuta uani kwake Mkolani akianika mihogo. Alikuwa amekonda. Akanikaribisha stuli, akaniletea maji, kama mgeni yeyote. Nikapiga magoti. Nikamwambia Deo alinidanganya, Deo alinihadaa na Kihaya chake, Deo ametusaliti sote wawili. Nilisema mengi sana.

Kabula aliendelea kupanga mihogo mpaka nikamaliza. Kisha akasema, bila hasira, "Mama Adela, huyo Deo hakunisaliti mimi. Sikuwahi kumwambia kitu."

Basi. Nikangoja atukane, anipige, anifukuze... akachukua ungo akaenda kuanika upande wa pili wa uani. Maji niliyopewa sikuyanywa.

Miaka imepita. Nauza mitumba pale Mabatini, Adela yuko sekondari. Kabula hakupata mimba nyingine. Tukikutana sokoni ananisalimia, nami naitikia, kila mmoja anakwenda zake.

Msomaji mwenzangu, siku hizi semina ni nyingi, vitabu ni vingi, kanda ni nyingi, na kila bosi anataka kujua watu wake wanaweza kuvutwa mpaka wapi. Visomeni, zitazameni, siwakatazi. Lakini akikuita ofisini, akakuongelesha kwa lugha ya kwenu, akakuuliza siri ya wenzako walioijenga kwa ajili ya kuishi, kabla hujafungua mdomo muulize: wewe mwenyewe utasimama wapi wakati sisi tunavutwa? Na kama una Kabula wako ambaye amekwambia jambo moja tu, amekwambia wewe peke yako, nakusihi kwa jina la Mungu, nyamaza. Ukose cheo. Ulale njaa. Nyamaza!