Anaposa Jukwaani Tu

"Piga goti vizuri, Malachy! Unaposa mke, hukamui ng'ombe!"

Sauti ya mwongozaji ilijaa ukumbi mzima wa parokia. Malachy Tansey akapiga goti, kofia mkononi, akamtazama Sorcha na kutamka maneno matamu aliyoandikiwa na mtu mwingine:

"Shamba langu dogo, paa langu linavuja, lakini nikubalie, nami nitakuwa wako mpaka kaburini."

"Nimekubali," Sorcha akajibu, kama ilivyoandikwa. Moyoni alisonya.

Miaka kumi na mmoja walikuwa wapenzi, na pale kijijini kwao Roscommon, Ayalandi, hata mbwa walijua. Kwenye mazoezi ya mchezo huu Malachy alishamposa mara arobaini. Nje ya ukumbi, hata mara moja! Na leo tena alikuwa amechelewa nusu saa.

"Sijui buti zangu hupotelea wapi kila Jumanne ya mazoezi," alijitetea alipoingia.

Sasa simu ikalia kwenye koti lake. Akaisoma akiwa bado amepiga goti.

*"Ng'ombe mweusi anataka kuzaa. Njoo. Na maziwa yameisha. Mama."*

"Nyumba yenye ng'ombe thelathini inaishiwaje maziwa?" Sorcha akauliza.

"Hao ni ng'ombe wa nyama, Sorcha."

Malachy akatoka mbio. Sorcha alimfuata mpaka nje, kwenye manyunyu ya mvua, akamshika mkono kabla hajapanda trekta.

"Malachy, nimepata kazi kule kusini, mjini Cork. Naanza Jumatatu."

"Cork! Si tulikubaliana tusubiri ng'ombe wazae kwanza?"

"Ng'ombe wako wamezaa mara kumi na moja. Mimi bado."

"Na nyonga ya Mama..."

"Nyonga ya mama yako ilishabadilishwa hospitalini! Juzi nimemwona akiruka ukuta."

"Alikuwa anafukuza kondoo."

"Huniambii subira yavuta heri tena, maana yangu imevuta mvi. Tamasha la maigizo ni Ijumaa. Kama mpaka Ijumaa hujamwambia mama yako unanioa, Jumamosi naondoka, na mimi na wewe basi."

Simu ya Malachy ikalia tena. Akaondoka.

Ijumaa ikafika, Malachy hajasema neno. Ukumbi ulifurika. Bi Attracta, mama yake Malachy, alikaa mstari wa mbele, mkoba magotini. Mchezo wenyewe ulihusu mama wa shamba anayemficha mwanawe buti ili asiende kuchumbia, na watu walicheka mpaka machozi.

"Ni Bridie Noone huyo!" Attracta alicheka kuliko wote. "Ametolewa mzima mzima!"

Bridie Noone, viti vitatu kutoka pale, alikuwa akimnong'oneza jirani yake kwamba huyo ni Attracta mtupu. Nyani haoni kundule.

Ikafika posa. Malachy akapiga goti, kofia mkononi, maneno yakatoka vilevile, laini, bila kukwama. Sorcha akamtazama. Mizigo yake nusu ilikuwa imeshafungwa. Hasira ya miaka kumi na mmoja ikampanda.

"Hapana," akasema.

Mkumbushaji wa maneno aliyejificha nyuma ya pazia akanong'ona kwa hofu, "Nimekubali! Sema nimekubali!"

"Nimekusikia," Sorcha akamjibu kwa sauti, "lakini hapana! Leo ananipigia goti, kesho ataniambia nisubiri majani ya ng'ombe yakatwe."

Pazia likashushwa haraka. Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikauma, wakidhani ndivyo mchezo ulivyo.

Kisha, kama desturi ya matamasha haya, jaji kutoka Dublin akapanda jukwaani kuwachambua mbele ya kijiji kizima. Waigizaji walisimama pembeni, rangi bado nyusoni.

"Binti alipokataa nilisisimka," jaji alisema. "Lakini mchumba! Nilimtazama pale chini, sikuona mtu mwenye chochote cha kupoteza. Alikuwa kama mtu anayejua huyu mwanamke atamkuta palepale kesho na keshokutwa. Hata mimi ningemkataa."

Watu wakaangua kicheko. Malachy hakucheka. Alitoka pembeni, sharubu ya bandia ikining'inia upande mmoja, akasimama mbele ya Sorcha.

"Sorcha Geraghty, haya hayajaandikwa popote. Ninacho cha kupoteza. Ni wewe. Nataka kukuoa."

"Malachy!" Attracta akainuka. "Kaa chini, unaniaibisha!"

"Mama, nimekaa miaka kumi na mmoja."

Sorcha alitaka kuamini, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Lini?" akauliza. Swali hilo moja ndilo lililomshinda Malachy miaka yote.

"Juni."

Ukumbi mzima ukaguna.

"Juni mnakata majani ya kulisha ng'ombe wakati wa baridi," Sorcha akasema.

"Yatakatwa na mtu mwingine."

Hapo wanaume wazima wakashika vichwa. Tansey amruhusu mtu mwingine aingie shambani kwake mwezi wa Juni! Attracta akaketi kwa kishindo.

"Na Cork naenda," Sorcha akasema. "Kazi siachi."

"Nenda. Kila Jumamosi utaniona mlangoni, ng'ombe wazae wasizae. Tukishaoana tutaamua pa kuishi, wawili tu."

Sorcha akafuta machozi kwa mkono wa gauni, akiharibu rangi yote usoni. Alichoka naye, alimpenda, vyote kwa pamoja.

"Nimekubali," akasema.

"Ndiyo hiyo!" mkumbushaji akapaza sauti nyuma ya pazia.

Walipokuwa bado wamekumbatiana, simu ya Sorcha ikatetemeka. Ujumbe ulitoka mstari wa mbele, hatua tano tu kutoka pale, kwa mwanamke ambaye tangu mwanzo hajawahi kumkaribisha hata kikombe kitupu.

*"Kesho njoo unywe chai. Unaweka sukari vijiko vingapi?"*

Sorcha akamtazama. Attracta alikuwa ameinamia mkoba wake, masikio yamemwiva.

Akajibu: *"Viwili. Na buti zake za Jumanne uziweke mezani."*