Pini Mdomoni

"Hodi, dada."

"Karibu," akajibu fundi cherehani bila kuinua kichwa, kama mtu yeyote anavyojibu. Ilikuwa sauti ya mdogo wake wa kiume. Hakuingia mtu. Pazia lilicheza kidogo, na harufu ya siki iliyoungua ikampita kuelekea vyumbani. Mdogo wake alikuwa hukohuko ndani, amelala fofofo tangu asubuhi.

Hakulitilia maanani. Unga wa kulevya ulikuwa unammaliza kijana, hata mkasi wa kushonea wa dada yake alishauuza, nao wawili hawakuwa na mtu mwingine duniani. Nyumba za matibabu alizoelekezwa zilikuwa mbali, au zimejaa. Kumbe ipo moja nyuma ya gereji, mtaa wa pili tu, anakopita kila siku akienda kununua nyuzi! Mlezi wa pale, mtu aliyewahi kuvuta unga mwenyewe, aliitwa Kocha.

Kocha alimpokea kijana akae humo, kisha akamvuta dada pembeni.

"Unga niachie mimi, dada yangu. Ila hawa wetu wana kitu kinachowafuata, kinaiga sauti zao. Kikipiga hodi kwako, usikikaribishe. Siku tukimruhusu kuja, nitakupigia simu kwanza."

"Na nikikosea?"

"Usikosee. Siku ya kwanza nje ndiyo ngumu. Akikosa wa kumpokea, anarudi kulekule kwenye unga."

Dada akaitikia. Ile karibu ya siku ile hata haikumjia akilini. Nani hukumbuka karibu alizotoa?

Nyumba ikawa kimya, kimya kinachouma. Alipika chakula cha wawili akala peke yake. Alishona mlango umefungwa kwa komeo na pini zimejaa mdomoni, hata pasipo nguo ya kubana, ulimi usije ukamponyoka. Hodi haikuja. Ila chumba cha kijana kilinuka siki, na kitanda alichokitandika mwenyewe akakikuta kimebonyea katikati.

Mchana mmoja, cherehani ikinguruma, ikaja.

"Hodi, dada."

Mguu ukaganda juu ya pedeli.

"Dada, ni mimi. Najua upo, nimesikia cherehani."

Akazing'ata pini, machozi yakimshuka mpaka shingoni, akatamani kusema neno moja tu, neno jepesi ambalo hata mgeni asiyemjua asingemnyima, na hakulisema, akakaa hivyo huku sauti ikiita, ikibembeleza, ikififia, mpaka nyayo zikaondoka polepole kuelekea barabarani.

Akatema pini. "Nimeweza," alijiambia, akaenda kutafuta simu. Aliikuta juu ya kitanda cha mdogo wake, wala hakukumbuka kuiweka huko. Kocha alikuwa amepiga na kupiga; cherehani ilimeza milio yote. Akampigia.

"Amefika?" Kocha aliuliza kwa furaha. "Katoka hapa anacheka! Kakuletea mkasi, badala ya ule aliouuza."

Dada akakimbilia mlangoni, akavuta komeo. Kizingitini palikuwa na mkasi mpya, umefungwa kwa gazeti. Barabara ilikuwa tupu. Akavuta pumzi amwite kwa nguvu zake zote.

Nyuma yake, chumbani, kitanda kikalia.

"Mwache aende, dada," ilisema sauti ya mdogo wake, kivivu, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Si ulishanikaribisha mimi?"