Majina Matatu ya Tezi Moja

Asubuhi hiyo Brashi aliamka amechoka kuliko alivyolala. Brashi alikuwa mwandika mabango, na jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya kazi yake. Maduka yote ya mtaani yalisomeka kwa mkono wake. Lakini usingizi, jamani, ulikuwa umemkimbia. Kila usiku alikuwa kiguu na njia kwenda chooni. Akifika, anasimama, anasubiri. Yanatoka matone. Anarudi kitandani, na kabla shuka halijapata joto, anabanwa tena.

Mkewe, fundi cherehani, naye hakulala. Nani angelala, na mlango wa choo unakwaruza sakafu vile?

"Baba watoto, unaumwa?" aliuliza huku akimmiminia chai.

"Nani, mimi? Mzima kabisa."

"Mzima gani huyu? Macho mekundu, uso umekushuka."

"Ni mafua tu. Vumbi la kupiga msasa ukuta."

"Haya, kunywa chai."

"Nusu kikombe inatosha."

Mkewe alikuwa amechoka kuuliza swali lile lile na kupewa jibu lile lile. Alirudi kwenye cherehani yake, akaendelea na sare za shule.

Ukweli ni kwamba Brashi alikuwa na siri, na siri ilikuwa inamla. Muuzaji wa duka la dawa alikuwa amemwambia, "Mzee, hiyo ni prosteti." Muuza mizizi wa sokoni akamwambia, "Prostata imekukamata, nunua chupa mbili." Redio nayo ikatangaza habari za tezi dume, na kila dalili iliyotajwa alikuwa nayo. Brashi akajumlisha mwenyewe. Prosteti, prostata, tezi dume. Magonjwa matatu kwa mpigo!

Tena kaka yake mkubwa alikuwa ameshakufa. Msibani watu walinong'ona, "Ni tezi dume." Basi Brashi akaona akienda hospitali ataambiwa anakufa, na bora asiambiwe. Alipunguza maji ya kunywa, akafunga mdomo. Asubuhi hiyo, ili mkewe aamini ni mafua kweli, akameza tena vidonge vya mafua, akaenda kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa katika chuo cha wauguzi. Mkufunzi wa chuo, mwanamke wa umri wa binti zake, alitaka ukuta mzima wa darasa uchorwe mwili wa mwanamume, viungo vya ndani vikionekana. Kila kiungo kiandikwe majina matatu: la Kilatini juu, la Kiingereza katikati, la Kiswahili chini. Brashi hakujua Kilatini. Lakini herufi ni herufi, na mkono wake haukuwahi kukosea.

Alipanda ngazi, akaandika VESICA URINARIA, kisha BLADDER, kisha KIBOFU. Akashuka vidato viwili, akachovya rangi. Kiungo kilichofuata kilikuwa kidogo, kimekaa chini ya kibofu. Akaandika PROSTATA. Mkono ukasita. Akaandika PROSTATE. Akatazama neno la mwisho katika mchoro mdogo aliopewa. TEZI DUME.

Mshale ulikuwa mmoja. Kitu kilikuwa kimoja.

Alishuka taratibu, akamfuata mkufunzi aliyekuwa anapanga viti.

"Samahani, mwalimu. Huyu mtu wa ukutani anaumwa nini?"

"Haumwi kitu, baba. Ni mwanamume mwenye afya yake."

"Afya? Mbona ana tezi dume?"

Mkufunzi akaangua kicheko. Kisha akamtazama Brashi usoni, na kicheko kikakatika.

"Hebu kaa, baba," alisema, akamvutia kiti. "Tezi dume si ugonjwa. Ni kiungo, kama figo, kama ini. Kila mwanamume anazaliwa nayo."

"Na prosteti?"

"Ndiyo hiyo hiyo, kwa Kiingereza."

"Na prostata?"

"Hiyo hiyo, kwa Kilatini. Madaktari wa nchi nyingi walichagua Kilatini ili waelewane. Neno lenyewe linatokana na Kigiriki, maana yake anayesimama mbele. Tezi hii imesimama mbele ya mlango wa kibofu, kama bawabu."

"Kwa hiyo sina magonjwa matatu?"

"Majina matatu, baba. Kitu kimoja. Tezi hutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kwa kijana ni ndogo kama ndimu. Mrija wa mkojo unapita katikati yake. Wanaume wengi wakizeeka, tezi inakua. Ikikua, inaubana mrija. Ndipo mtu anakwenda chooni mara nyingi, mkojo unakuwa wa kusuasua, haumaliziki."

Brashi aliinamisha kichwa. Aliona haya, haya ya kweli. Kumwambia binti mdogo namna ile mambo ya chini ya mkanda! Lakini uchovu ulikuwa umezidi haya.

"Mwalimu, tangu alfajiri sijapata hata tone. Na huku chini ya kitovu pamekaza, panauma."

Mkufunzi alisimama palepale. "Umemeza dawa yoyote?"

"Vidonge vya mafua. Jana na leo."

"Lahaula! Baadhi ya dawa za mafua huifunga kabisa njia ya mkojo kwa mtu ambaye tezi yake imekua. Twende hospitali sasa hivi."

"Ngoja nimalizie herufi, zimebaki chache."

"Ukuta hauna miguu, baba. Mkojo ukizuilika, figo zinaweza kuharibika. Mpigie mkeo simu."

Brashi akapiga. "Mama watoto, njoo hospitali. Mkojo umegoma kutoka. Nimekuwa nikiumwa na nimekuficha."

Mkewe aliacha sindano ndani ya kitambaa, akaondoka.

Hospitalini walimwekea Brashi mpira wa kutoa mkojo. Mkojo uliposhuka, machozi nayo yalishuka, kwa nafuu aliyoipata. Daktari alimpima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, akachukua damu, akaagiza na kipimo cha picha.

"Kuna mtu wa ukoo wenu aliyewahi kuugua tezi hii?" daktari aliuliza.

"Kaka yangu. Walisema amekufa kwa tezi dume."

"Hakuna anayekufa kwa kuwa na tezi dume," daktari alisema. "Pengine ilikuwa saratani ya tezi dume. Tezi ikikua tu, hiyo si saratani. Saratani ni kitu kingine, na mwanzoni huwa haina dalili yoyote. Ikigunduliwa mapema, mara nyingi inatibika. Kwa hiyo wewe lazima tuichunguze kwa makini."

Siku za kusubiri majibu zilikuwa ndefu. Mwisho mkewe akashindwa kujizuia.

"Ningekucheka, baba watoto? Miaka yote hii, ningekucheka?"

"Si kucheka. Niliogopa kukutia hofu."

"Hofu? Nilikuwa nahesabu nguo za msiba wako, wewe unaniambia mafua!"

Brashi alimshika mkono, mkono mgumu wa kushika mkasi, akalia.

Majibu yalipotoka, daktari alitabasamu. Haikuwa saratani. Tezi ilikuwa imekua, basi. Alimpa dawa za kulegeza njia ya mkojo. Alimwambia anywe maji ya kutosha mchana, apunguze jioni, asimeze dawa ya mafua bila kuuliza kwanza, na arudi kupimwa kila alipopangiwa. Mpira ulitolewa, na mkojo ukapita wenyewe. Baada ya majuma machache Brashi alikuwa analala, na mkewe analala. Asubuhi moja walichelewa kuamka wote wawili, wakatazamana kama wezi.

Siku hiyo Brashi alipiga simu kwa mtoto wa marehemu kaka yake, mtu mzima mwenye familia, dereva wa lori.

"Mwanangu, nataka tuzungumze habari za baba yako."

"Nakusikiliza, baba mdogo."

"Baba yako alikuwa na haya, kama mimi. Daktari anadhani ilikuwa saratani ya tezi dume. Mtu ambaye baba yake au kaka yake aliugua hiyo, anatakiwa amwone daktari akifika miaka arobaini na mitano, hata kama haumwi popote. Wengine wakifika hamsini. Wewe una mingapi sasa?"

"Baba mdogo," sauti ilisema polepole, "nimefikisha arobaini na saba. Na huu mwezi wa ngapi sijui, naamka usiku. Sijamwambia mtu."

"Umeshaniambia mimi."

"Utanisindikiza?"

"Niko njiani," alisema Brashi, akainama kutafuta viatu vyake.