Kioo cha Kutoka Aachen

Siku ya tisa mfululizo, donge la mkate la Piroska lilikataa kuumuka.

"Si hamira, Demeter. Ni hicho kioo chako."

Mumewe hakugeuka. Kioo kilikuwa kidogo kama kiganja cha mtoto, kimezungushiwa ukingo wa madini ya risasi, kimetundikwa juu ya tanuri. Alikuwa ametembea miezi miwili kutoka kwao Hungaria hadi mji wa Aachen, Ujerumani, akakiinua juu ya vichwa vya mahujaji siku joho la Bikira Maria lilipoonyeshwa, kinase sura ya joho na baraka zake, aje nazo nyumbani.

"Mke wangu, nitupe baraka kwa sababu ya mkate?"

"Na hiyo harufu? Na huyo anayetweta?"

Maana tangu kioo kiingie, nyumba ilinuka udongo mbichi, na nyuma ya tanuri, mchana kweupe, mtu asiyeonekana alihangaika kuvuta pumzi.

Piroska alimwendea Padri Lukács mara tatu. Mara ya tatu padri akaja, akakibusu kioo, akasema kitu kilichobarikiwa hakifugi pepo. Majirani walijazana mlangoni wakigombea kukigusa. Piroska alitamani kuwafukuza wote kwa mwiko, padri akiwa wa kwanza.

Walipoondoka, kule kutweta kukatoka nyuma ya tanuri, kukazunguka meza, kukapita chini ya benchi hadi kwenye visigino vya Demeter, kukatulia pale, kukimpuliza ubaridi miguuni mpaka vinyweleo vikamsimama.

"Demeter," Piroska alinong'ona, "na ufupi wako huo, ulikiinuaje juu ya watu?"

Demeter akaanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Nakuuliza wewe!"

"Kulikuwa na mzee," Demeter alisema. "Alianguka mbele yangu. Watu wanasukumana, joho linakaribia kufichwa... nikampanda mgongoni. Kidogo tu, Piroska. Niliposhuka, hakuwa akihema."

"Ukarudi, ukanibusu. Ukaniacha siku tisa nilaumu hamira."

Piroska alikinyakua kioo, akakitupa kwenye makaa. Risasi ikayeyuka, kioo kikapasuka. Kutweta kukakoma. Harufu ikaisha.

Demeter akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Kumbe ndiyo hivyo tu!" Akainama kufunga kamba ya kiatu.

Hakuinuka.

Magoti yalipiga sakafu, viganja vikafuata, na mgongo wake ukabonyea katikati kama godoro lililokaliwa.

"Piroska," alisema kwa pumzi za kukatika, "mwambie ashuke."